Cheti cha Maji Kiseme Pia Kisichopimwa

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika kijiji kimoja kilichoko kwenye miteremko ya Mlima Meru kushuhudia kukabidhiwa kwa kisima kipya. Pampu ilikwisha kufungwa, kina mama walikwisha kupanga ndoo zao, na mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa ameshika mkononi cheti cha maabara kilichotiwa katika mfuko wa nailoni ili kisilowe. Alinikabidhi cheti kile kwa heshima akasema, "Ndugu mtaalamu, maji haya yamepimwa. Sasa hatuna hofu."

Nilikisoma. Rangi, tope, ugumu, chumvi, chuma na nitrati, vyote viliandikwa kwa tarakimu safi. Chini kabisa palikuwa na mhuri na maneno haya: yanafaa kwa matumizi ya binadamu. Lakini mstari wa floraidi haukuwapo. Watoto waliotuzunguka, kila walipocheka, walionyesha meno yenye madoa ya kahawia.

Nilipouliza kwenye maabara iliyotoa cheti, nilijibiwa bila kufichwa neno. Kitendanishi cha kupimia floraidi kilikuwa kimekwisha mwezi ule, na kwa kuwa hapakuwa na jibu la kuandika, mstari wake uliondolewa. Hakuna aliyesema uongo. Kila tarakimu iliyoandikwa ilikuwa ya kweli. Hata hivyo cheti kile, kikisomwa na mtu asiye mkemia, kilisema jambo lisilo kweli. Tulipochukua sampuli nyingine baadaye na kuipeleka kwingine, floraidi ilizidi kiwango kwa mbali. Katika miezi yote ya kati, watoto walikuwa wakinywa maji yaliyopigwa mhuri.

Makala haya yana shabaha ya kutetea jambo moja tu. Ni maoni yangu kwamba cheti cha maji kisihesabiwe kuwa kimekamilika mpaka kieleze, pamoja na kilichopimwa, kile ambacho hakikupimwa. Na pale kilichopimwa kisipoonekana, kieleze chombo kilikuwa na uwezo wa kuona kiasi gani. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la makarani. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni jambo la afya za watu.

Udogo wa vitu tunavyovitafuta

Yafaa kwanza msomaji afahamu udogo wa vitu vinavyozungumzwa. Chukulia tangi lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 10 na kina cha mita 10. Tangi hilo huchukua lita milioni moja. Ukitia ndani yake gramu 1 ya kitu na kukoroga mpaka kienee, kila lita itakuwa na mikrogramu 1 ya kitu hicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba arseniki katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu 10 katika tangi zima. Floraidi huruhusiwa zaidi, miligramu 1.5 kwa lita, sawa na kilo moja na nusu katika tangi hilo hilo.

Vitu hivi havina rangi, harufu wala ladha katika viasi hivyo. Mto Maji ya Chai, mkoani Arusha, umepata jina lake kwa rangi ya maji yake, lakini rangi hiyo siyo floraidi. Yapo maji meupe kama kioo yanayochemka kutoka mwambani na kubeba floraidi nyingi kuliko mto uliochafuka kwa tope. Mama mwenye busara huchagua maji kwa macho, pua na ulimi, na kwa magonjwa mengi ya tumbo busara hiyo imeokoa maisha. Lakini kwa floraidi na arseniki hisia zetu hazina msaada wowote. Mnywaji hana budi kuamini karatasi, na ndiyo maana karatasi hiyo yapaswa kuwa na uaminifu kuliko karatasi nyingine.

Funzo la Mlima Meru

Katika nchi yetu floraidi ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Miamba ya volkeno ya kaskazini ina floraidi kwa wingi. Maji yanayopita ndani yake huchukua sodiamu na baikaboneti, lakini huwa na kalsiamu kidogo. Pale ambapo kalsiamu ni nyingi, hushikana na floraidi na kutuama kama jiwe. Pale ambapo ni chache, floraidi hubaki majini na kuzidi kuongezeka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 juu ya sehemu hizo ulieleza mito yenye miligramu 12 hadi 76 kwa lita, na mabwawa na maziwa ya magadi yenye miligramu 60 hadi 690. Mtoto anayekua kwa maji yenye floraidi nyingi hutokewa na madoa ya meno yasiyofutika. Na kwa viwango vikubwa zaidi, mifupa nayo huharibika, viungo hukakamaa, na miguu hupata matege.

Sasa tutazame jinsi floraidi inavyopimwa, maana hapo ndipo neno "haikuonekana" linapozaliwa. Chombo kinachotumika sana ni elektrodi yenye kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi, ambayo ilianza kutumika mwaka 1966. Elektrodi hiyo hutoa nguvu ndogo ya umeme inayobadilika kwa kadiri ya floraidi iliyomo. Floraidi ikiongezeka mara kumi, umeme hubadilika kwa milivolti 59 hivi katika joto la nyuzi 25. Kwa hiyo kosa la milivolti moja tu hupotosha jibu kwa sehemu 4 katika 100. Hilo si kosa kubwa, ikiwa mpimaji amekipima chombo chake asubuhi ile kwa myeyusho ambao kiasi chake kinajulikana.

Lakini elektrodi huona floraidi iliyo huru tu. Floraidi iliyoshikana na aluminiamu au chuma huipita kama mtu apitavyo nyuma ya ukuta. Kwa sababu hiyo mpimaji hutia katika sampuli myeyusho maalumu unaorekebisha uchachu na kuifungua floraidi kutoka katika vifungo vyake. Asipofanya hivyo, sampuli ile ile, katika chombo kile kile, huweza kutoa jibu dogo kuliko ukweli. Chombo hakitapiga kelele. Kitaonyesha tarakimu, na tarakimu hiyo itaandikwa.

Liko na jambo la pili la kujifunza kutoka Meru. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa nia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji viliruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita. Walioviweka hawakuwa wajinga wala wakatili. Waliona kwamba kama wangeshika kiwango kidogo, sehemu kubwa za nchi zingebaki bila kisima hata kimoja, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu. Baadaye kiwango kiliteremshwa hadi miligramu 4, na katika miaka ya karibuni hadi 1.5, sawasawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani.

Basi fikiria kisima chenye miligramu 5. Kwa kiwango cha 1974 maji yake yalifaa. Kwa viwango vilivyofuata hayafai. Maji ni yale yale, na watoto wanaoyanywa hupata madoa yale yale. Neno "yanafaa" halitoki katika elektrodi. Ni uamuzi wa watu, unaofanywa kwa kupima hatari moja dhidi ya nyingine na kwa kutazama uwezo wa nchi. Uamuzi wa namna hiyo hauepukiki, lakini mnywaji ana haki ya kuona tarakimu iliyo nyuma yake, ili kiwango kitakapobadilika ajue kisima chake kiko upande gani.

Uchafu wa mpimaji mwenyewe

Wako watakaosema kwamba tatizo litakwisha tukinunua vyombo vikali zaidi. Vyombo vya leo kwa kweli huweza kuona sehemu ndogo mno za mikrogramu. Lakini kadiri jicho linavyokuwa kali, ndivyo linavyoona pia vumbi lililo katika kope zake.

Mkemia mmoja wa Marekani, Clair Patterson, alilijua hilo alipokuwa akipima risasi katika mawe ili kupata umri wa dunia. Majibu yake yalipotoshwa na risasi iliyotoka hewani, katika vumbi, katika vyombo vya kioo, hata katika ngozi na nywele za watu waliofanya kazi naye. Alilazimika kujenga maabara safi kupita kiasi cha kawaida. Mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia unaokubaliwa mpaka leo, yaani kama miaka milioni 4,550. Alipogeukia maji ya bahari, alionyesha kwamba vipimo vingi vya risasi vilivyokuwa vimekubaliwa vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vipimo vya uchafu wa wapimaji wenyewe.

Kwa hiyo maabara yoyote inayotafuta vitu vidogo hubeba kila siku sampuli tupu: maji safi yaliyotiwa katika chupa ile ile, yakasafiri katika gari lile lile, yakapita katika hatua zile zile. Chochote kitakachoonekana ndani yake kimetoka kwa mpimaji. Kutokana na jinsi majibu ya sampuli tupu yanavyotikisika ndipo hupatikana kikomo cha chombo, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mpimaji anaweza kukisema bila kubahatisha. Kwa desturi huchukuliwa mara tatu ya mtikisiko huo.

Nao uangalifu huo huanzia kisimani. Maji ya kupimwa metali hutiwa asidi kidogo, la sivyo metali hushika katika ubavu wa chupa na jibu la maabara huwa dogo kuliko la kisima. Maji ya kupimwa floraidi hutiwa katika chupa ya plastiki, si ya kioo. Aliyechukua sampuli katika chupa iliyokuwa na soda jana yake amekwisha kuharibu kazi ambayo chombo cha mamilioni ya shilingi hakiwezi kuitengeneza.

Mstari usiokuwapo

Iwapo msomaji bado anaona kwamba mstari mmoja uliokosekana ni jambo dogo, na atazame yaliyotokea Bangladesh. Watu wa nchi hiyo walikuwa wakifa kwa kuhara kutokana na maji ya madimbwi na mito. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, vilichimbwa visima vya mabomba kwa wingi sana. Maji yake yalikuwa maangavu, hayakuwa na vijidudu, na wananchi waliyapokea kwa shukrani. Arseniki haikupimwa. Ilikuwamo katika mashapo ya mito ya kale, ikaachiliwa majini pale ambapo hewa haikufika.

Mwaka 1983 wagonjwa wa arseniki walikwisha kutambuliwa katika jimbo jirani la West Bengal, India. Katika Bangladesh yenyewe, arseniki katika visima ilithibitishwa mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa katika hatari, likaliita jambo hilo sumu iliyowapata watu wengi kuliko nyingine yoyote katika historia.

Katikati ya hayo, mwaka 1992, taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilikuwa imepima visima kama 150 katika nchi hiyo. Ilipima vitu vingi, na ripoti yake ilikuwa ndefu, lakini arseniki haikuwa miongoni mwa vilivyopimwa. Mwanakijiji mmoja wa Bangladesh alifungua kesi Uingereza, akidai kwamba ripoti ile ilifanya maji yaonekane salama. Mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilimkatalia. Majaji waliona kwamba taasisi haikuwa na wajibu wa kisheria kwake kwa jambo ambalo haikuombwa kulipima wala haikulisema.

Mimi si mwanasheria, na sina la kubishana na hukumu hiyo. Lakini sisi wapimaji tusijifariji kwa sheria. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mstari mmoja uliosema "arseniki: haikupimwa" haungemponya mtu, bali ungemfanya mhandisi wa kwanza aliyeisoma ripoti ile aulize kwa nini.

Yako pia makosa ya kutafuta pasipostahili. Katika sehemu zetu za dhahabu, kuzunguka Ziwa Victoria, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukusanya dhahabu, kisha huichoma. Sehemu ya zebaki hiyo huvutwa na mchomaji mwenyewe kama mvuke. Nyingine hutuama katika tope la vijito, ambako vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya namna inayoingia katika samaki. Mtu akichota maji ya kijito na kuyapima, huenda zebaki isionekane, naye akaandika kwamba hapana hatari. Tope na samaki vingemwambia jambo jingine. Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu hawakudhurika kwa kunywa maji, bali kwa kula samaki. Kwa hiyo cheti kiseme pia sampuli ilikuwa ya nini, ilichukuliwa wapi, na katika majira gani, kwa maana kijito cha kiangazi na kijito cha masika havina maji mamoja.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba vitu visivyopimwa havina hesabu, na cheti hakiwezi kuvitaja vyote. Hiyo ni kweli, wala siombi hivyo. Ninaomba kila eneo liwe na orodha fupi iliyokwisha kuandikwa, kufuatana na miamba yake na kazi za watu wake. Kwenye miamba ya volkeno, floraidi isikose. Kwenye dhahabu, arseniki na zebaki. Kwenye mashamba makubwa ya umwagiliaji, nitrati na dawa za wadudu. Kwenye mabomba ya kale, risasi. Orodha hiyo ichapwe juu ya karatasi kabla sampuli haijafika, na mpimaji asiwe na ruhusa ya kufuta mstari wowote. Kila mstari uwe na jibu moja kati ya matatu: tarakimu, au "chini ya kiasi fulani", kiasi chenyewe kikitajwa, au "haikupimwa". Neno "haikuonekana" peke yake liondoke kabisa katika vyeti vyetu, kwa sababu halina maana mpaka tujue aliyetazama alikuwa na macho ya namna gani.

Pingamizi la pili ni gharama. Ni kweli kwamba elektrodi, vitendanishi na kushiriki katika majaribio ya kulinganisha maabara na maabara huhitaji fedha. Lakini kuandika neno "haikupimwa" hakugharimu chochote. Tena neno hilo litasaidia kupata fedha, maana mkuu wa maabara atakapoonyesha kwamba katika mwaka mmoja vyeti kadha wa kadha vilitoka bila floraidi, atakuwa na hoja ya kupeleka wizarani. Leo upungufu wake umefichwa na karatasi zake mwenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Wenzangu wengi huogopa kwamba wananchi wakisoma "haikupimwa" watatishika, watakiacha kisima na kurudi mtoni. Hofu hii si ya kupuuzwa, kwa sababu mto wenye vijidudu unaweza kuua mtoto katika wiki moja, na floraidi huchukua miaka. Lakini nimekaa na kamati za maji za kutosha kuona kwamba wanakijiji wanaelewa tofauti ya hatari ya leo na hatari ya kesho, wakielezwa. Wanaojua kisima chao kina floraidi nyingi huweza kuamua kukitumia kwa kufua na kunyweshea mifugo, na kutafuta maji ya mvua au ya chanzo kingine kwa ajili ya watoto wadogo. Huweza pia kuuliza habari za kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, huko huko Arusha. Wasiojua hawawezi kuamua lolote.

Mwenyekiti yule wa kijiji, nilipomrudia na majibu mapya, hakupiga kelele. Alikitoa cheti cha kwanza katika mfuko wake wa nailoni, akakiweka kando ya kile cha pili, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Kisha aliuliza swali moja: "Kama mlijua hamkupima, kwa nini hamkutuandikia?" Sikuwa na jibu siku ile, na sijalipata hadi leo. Nawaomba wakemia wenzangu, na wale wanaotunga kanuni za maabara zetu, watengeneze cheti ambacho hakitampa mwenyekiti mwingine sababu ya kuuliza swali hilo.